Mchanga Unaobeba Misonobari

Upepo wa Novemba unapoangusha msonobari mkubwa kaskazini mwa jimbo la Michigan, Marekani, mara nyingine mti haukatiki katikati. Hung'oka mzimamzima. Mizizi yake, iliyotambaa kwenda pembeni kuliko ilivyokwenda chini, hunyanyua bonge zima la ardhi na kulisimamisha wima, na mpita njia huziona tabaka za udongo zote bila kushika beleshi.

Mbele ya bonge la namna hiyo niliinama nikaangalia kwa karibu. Juu kabisa palikuwa na sindano za msonobari zilizooza nusu, nyeusi, zimeshikana kwa nyuzi nyembamba nyeupe za kuvu. Unene wake haukuzidi vidole vitatu. Chini ya hapo rangi ilibadilika ghafla kuwa kijivu cheupe, mchanga mtupu wa rangi ya jivu, ambao ukiuchota unapita katikati ya vidole na hauachi hata doa. Kisha ukaja ukanda wa kahawia iliyokolea, karibu na wekundu wa kutu, mgumu kiasi kwamba nilihitaji kijiti kuuchokonoa. Baada ya hapo mchanga uliendelea kupauka hadi mwisho wa bonge. Mipaka ya rangi hizo ilikuwa dhahiri, ingawa haikunyooka: kijivu kilichomoza kama ndimi kuingia ndani ya kahawia.

Wenyewe wanauita mchanga wa Kalkaska, kwa jina la kaunti ulikoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1927. Mwaka 1990 ukatangazwa kuwa udongo rasmi wa jimbo. Nilipoambiwa hivyo nilicheka, maana huu ni udongo ambao mahindi yakipandwa bila msaada yatakufa njaa. Watu waliokuwa na hiari ya kuchagua udongo wa kujivunia wakachagua huu! Sasa naona walifanya uchaguzi wa kiungwana.

Historia yake inaanza na barafu. Eneo hili lilifunikwa na barafu nene zaidi ya kilomita moja, na ilipokuwa ikirudi nyuma kuelekea kaskazini, kiasi cha miaka 12,000 hivi iliyopita, maji yaliyoyeyuka yalitiririka kwa nguvu na kuichekecha ardhi. Mfinyanzi na vumbi laini vilichukuliwa mbali, mchanga ukatuama. Juu ya mchanga huo ikaota misonobari na jamii zake, miti ambayo majani yake huoza polepole mno kwenye baridi na hutoa tindikali wakati wa kuoza. Maji yanayopita humo huwa machachu. Yakishuka hukamata chuma na alumini zilizozifunika chembe za mchanga, huzibandua, na kuzitua sentimita chache au nyingi kidogo chini. Kinachobaki juu ni kwatsi tupu, ndiyo ile rangi ya jivu. Kinachotua chini ndio ule ukanda wa kutu. Kipimo cha pH katika tabaka za juu huwa kati ya 4 na 5, uchachu ambao mimea mingi ya shambani haiuvumilii.

Randall Schaetzl, mtaalamu wa udongo ambaye alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, alionyesha jambo ambalo mtu wa nchi za joto asingelifikiria. Udongo huu umekomaa zaidi pale theluji inapoanguka nyingi, karibu na maziwa makuu. Theluji nene huifunika ardhi isigande sana, na majira ya baridi yakiisha huyeyuka taratibu, wiki baada ya wiki, maji yakipenya kwenye sindano zilizooza na kushuka bila haraka. Mvua kubwa ya ghafla hupita tu. Kazi ya kubadilisha udongo hufanywa na yale maji ya polepole.

Mimi nimekulia Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ambako udongo ni mwekundu hadi unatia rangi pindo za nguo. Kwa hiyo jambo la kwanza lililonisumbua ni huo weupe. Kumbe ni kazi ile ile imefanyika kinyume. Kwetu, joto na mvua za maelfu kwa maelfu ya miaka zimeondoa silika na kuacha chuma, ndiyo maana ardhi ni nyekundu. Huku, baridi na tindikali vimeondoa chuma kutoka juu na kuacha silika. Rangi zimepishana kabisa, lakini mkulima akienda kupima rutuba anaweza kurudi na jibu linalofanana kwa kiasi cha kushangaza: udongo mchachu, uliooshwa, usio na akiba.

Nilimpigia picha mama mdogo, yuko Lushoto bado, nikamtumia kwa WhatsApp. Haikuwa picha ya mchanga. Ilikuwa picha ya misonobari mizee katika hifadhi ya Hartwick Pines, karibu na mji wa Grayling, mingine imepita miaka 350 na urefu wake unakaribia mita 45. Akanijibu kwa sauti: "Mwanangu, huko udongo umeshiba. Miti kama hiyo haioti penye njaa."

"Shikamoo mama. Udongo wenyewe ni mchanga wa pwani."

"Marahaba. Usinitanie."

Sikuwa namtania, na wala hakuwa mjinga. Alisema kilekile walichosema maelfu ya watu waliofika Michigan karne ya 19. Walitazama juu, wakaona vigogo ambavyo watu wawili hawavizungushii mikono, wakakata shauri kwamba chini lazima pamejaa. Kuanzia miaka ya 1870 hadi karibu 1900 jimbo hili liliongoza Marekani kwa mbao. Misitu ikafyekwa, matawi na vilele vikaachwa vikauke, na moto ukafuata. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871, usiku uleule Chicago ilipoungua, miji ya Holland na Manistee hapa Michigan nayo iliteketea. Baada ya wakataji wakaja wauzaji wa ardhi, wakawauzia familia maskini viwanja vyenye visiki kwa ahadi ya mashamba. Mavuno ya kwanza kwanza yaliweza kudanganya, kwa sababu majivu yalikuwa bado yamo. Baada ya hapo watu walilima mchanga. Wengi waliondoka, kodi hazikulipwa, ardhi ikarudi mikononi mwa jimbo kwa maelfu ya ekari. Sehemu kubwa ya misitu ya umma ya leo ilipatikana hivyo, kwa kushindwa kwa watu.

Ukitaka kuona jinsi kosa lilivyokuwa kubwa nenda Kingston Plains, kwenye rasi ya kaskazini ya jimbo, si mbali na Ziwa Superior. Uwanda wote ni visiki vya misonobari iliyokatwa zaidi ya karne moja iliyopita, vimegeuka rangi ya fedha, vimesimama katikati ya nyasi na kuvumwani. Moto uliopita pale mara kwa mara uliteketeza hata zile sindano zilizooza za juu, na msitu haukuweza kurudi.

Hapo ndipo nilipoelewa utajiri wa msitu ule ulikuwa wapi. Haukuwa ardhini. Ulikuwa kwenye vidole vitatu vya takataka na ndani ya miti yenyewe, ukizunguka. Sindano inaanguka, kuvu zinaivunja, mizizi inapokea kabla maji hayajashuka nayo, inapanda juu, inakuwa sindano tena. Kuvu hizo hazikai zikingoja kinachoanguka tu. Wanasayansi waliochunguza chembe za madini kutoka tabaka la kijivu la udongo wa namna hii huko Ulaya kaskazini walikuta ndani yake mashimo membamba, mapana kwa maikromita chache, na katika makala ya mwaka 1997 wakaeleza kwamba yametobolewa na kuvu zinazoishi na mizizi, zikisaka chakula ndani ya jiwe. Msitu unaofikia kutoboa jiwe hauna ghala. Una nidhamu tu.

Historia ya kwetu ina kisa kama hicho, na mama mdogo anakijua kuliko mimi. Wajerumani walipoingia Usambara Mashariki miaka ya 1890 walikuta msitu uliofungamana, wakadhani wamefika peponi, wakakata na kupanda kahawa. Mibuni ilianza vizuri kisha ikadhoofika, na mashamba mengi yakafa ndani ya miaka michache. Chini ya kijani kile palikuwa na udongo mchachu usio na kitu, rutuba yote ilikuwa inazunguka kati ya majani na mizizi. Baadaye sehemu hizohizo zikapandwa chai, ambayo hupenda uchachu, na chai ipo hadi leo.

Sasa niseme la kwangu. Mtu anayeishi Marekani, akiwa na gari, jaketi zuri na picha za theluji, nyumbani anaonekana kama msonobari wa mita 45. Simu zinazokuja zinaomba kwa adabu, lakini zinaomba kama mtu anayechota ghalani. Ukweli ni kwamba mshahara wangu ukiingia una wenyewe: kodi ya nyumba, bima, mkopo wa gari, ada, na kile ninachotuma. Kila kinachoanguka kimeshapokelewa kabla hakijagusa mchanga. Siku zinapoenda sawa, hesabu inapendeza na mtu anasimama mrefu. Ikitokea miezi miwili bila kazi, kunabaki rangi ya jivu. Nawafahamu wengi wa hali hii, Wakongo, Wakenya, Watanzania, na tunafichana kwa sababu urefu una heshima yake. Ningependa tuwaambie jamaa zetu waziwazi kwamba tunaishi kwa mzunguko. Wakijua hivyo wataona tofauti kati ya kuomba tawi na kuomba mti mzima, na wapo walioombwa mti mzima wakautoa, wakabaki visiki.

Nisieleweke vibaya. Sisemi upungufu ni baraka. Watu walioachiwa mchanga mtupu kaskazini huku waliteseka, watoto wao walilala njaa, na hakuna cha kusifu hapo. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: usipime ardhi kwa kilichosimama juu yake.

Upande wa pili wa jambo hili niliukuta magharibi mwa jimbo, kwenye mashamba ya bluberi yaliyo karibu na Ziwa Michigan, ambako watu huingia na ndoo na kujichumia wenyewe. Mwenye shamba, mzee mmoja mwenye mikono iliyochubuka, alinieleza kwamba kuna sehemu ambayo udongo wake si mchachu vya kutosha, kwa hiyo anaumwagia salfa. Nilimwomba arudie. Kwetu wakulima wa milimani wanashauriwa kununua chokaa ili kupunguza uchachu. Huyu analipa fedha kuuongeza! Akaniambia bluberi likiwekwa kwenye udongo ambao mtu wa bustani angeuita mzuri, majani hugeuka manjano kisha linakufa.

Aliyelithibitisha hilo ni Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, katika chapisho lake la mwaka 1910. Kabla yake watu walikuwa wameyahamisha mabluberi ya porini kuyaleta bustanini, wakayapa mbolea na samadi kwa upendo wote, nayo yakafa. Coville akagundua kwamba yanataka uchachu, na kwamba mizizi yake hushirikiana na kuvu. Akashirikiana na Elizabeth White, binti wa mkulima wa New Jersey, na mwaka 1916 wakapeleka sokoni mavuno ya kwanza ya bluberi la kulimwa. Mimi nina mpwa ambaye ukoo mzima ulimwagia samadi: shule ya bweni ya gharama, masomo ya ziada, simu mpya kila akifaulu. Alinyauka. Sasa ni fundi wa magari Tanga, mikono imejaa grisi, anaimba kazini. Tulikuwa tumempa vitu vizuri, visivyokuwa vyake.

Kuhusu misitu, watu wa Michigan wamejifunza sehemu ya somo. Miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, vijana wasio na ajira waliajiriwa na serikali kupanda misonobari upya kwenye mchanga ulioachwa. Mingi ya miti hiyo sasa imekomaa na inavunwa. Mwongozo wa jimbo unawashauri wavunaji waache sehemu ya matawi na vilele palepale msituni, hasa penye mchanga maskini, badala ya kubeba kila kitu kwenda kutengeneza kuni na nishati. Wapo wanaolalamika kwamba msitu unaonekana mchafu.

Nilimweleza mama mdogo habari hiyo, nikijua kila mwaka baada ya kuvuna hayaachi mabua ya mahindi shambani, huyaondoa yote. Nikamwambia ayaache chini yaoze. Sauti yake ilirudi usiku ule ule: "Na ng'ombe wangu atakula nini, matawi ya msonobari?" Ng'ombe huyo anafugwa ndani, anakula mabua, na samadi yake inarudishwa kwenye lile lile shamba la mahindi kwa ndoo, kila Jumamosi. Mzunguko anao tayari, na amekuwa nao tangu kabla sijazaliwa. Kilichobaki ni kumtumia fedha ya kuezeka upya banda lake, na ameshanitajia bei ya bati.