Takrima na Katiba

Lugha yetu ina maneno mawili yaliyozaliwa tumbo moja, nayo ni ukarimu na takrima. La kwanza lingali katika heshima yake. La pili limechakazwa na siasa hata mtu akilitamka mbele ya watu, wengine hucheka na wengine humtazama mikono. Zamani lilikuwa neno la adabu. Lilikuwa na maana ya heshima afanyiwayo mgeni: mkeka unaotandikwa, maji ya kunawa, na chakula kinachogawanywa ijapokuwa ni kidogo. Mwaka 2000 Bunge la Tanzania lilichukua jambo hili jema likalitia katika sheria. Kifungu cha 119 cha Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985 kiliongezewa maneno ya kwamba jambo lolote litendwalo kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa jadi, halitahesabiwa kuwa kosa. Tangu hapo mgombea aliyepika pilau kwa wapiga kura wake alikuwa na kinga, na kinga yenyewe ilikuwa imevikwa kanzu ya mababu.

Sheria hiyo ilinishangaza kwa namna ilivyoigeuza mila miguu juu. Katika desturi zetu mwenyeji ndiye anayekirimu, na mgeni ndiye anayekirimiwa. Sasa mgombea ajapo Ukwamani au Mzimuni, nani mwenyeji na nani mgeni? Ajaye kwa gari, akiwa na vipaza sauti na watu wa kumbebea mwavuli, ni mgeni kwetu, na kwa haki ya jadi sisi ndio tungempa maji ya kunywa. Yamkini msomaji atanijibu kwa methali, ya kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli mgeni huweza kuja na baraka. Lakini sijapata kusikia mgeni wa jadi aliyekuja na baraka mara moja kila miaka mitano, akaigawa kwa orodha ya majina, kisha akatoweka.

Naishi Kawe, na jimbo letu ni shule nzuri kwa mtu atakaye kujifunza habari ya fedha katika uchaguzi. Ndani ya mipaka yake yamo majumba ya Mbezi Beach yenye kuta ndefu, na zimo nyumba za Ukwamani zilizobanana hata jirani akikohoa usiku wewe huamka. Katikati upo uwanja wa Tanganyika Packers, palipokuwa na kiwanda cha kusindika nyama ya ng'ombe. Makopo yamekwisha, uwanja umebaki kuwa mahali pa mikutano ya dini na ya siasa. Mwaka 2020 watu zaidi ya 100 walichukua fomu za chama tawala wakitaka kuteuliwa kugombea ubunge wa Kawe. Wengine waliona idadi hiyo kuwa dalili ya demokrasia iliyokomaa. Mimi nilijiuliza tu ni wangapi kati yao waliokuwa na nauli ya kuzunguka kata zote za jimbo.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima auzaye maandazi alfajiri, alinifundisha jambo ambalo sikulisoma katika kitabu. Nilikuwa nikimweleza, kwa kujiamini kwa watu waliosoma, kwamba mahakama ilikwisha kuifuta takrima. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza maandazi, kisha akauliza, "Mwalimu, sheria hiyo imemkataza yeye kutoa, au imenikataza mimi kupata?" Nikasema imekataza yote mawili. Akasema, "Basi sikiliza, mwanangu. Kanga niliyopewa niliiona kwa macho. Mfereji niliahidiwa, sikuuona. Na kura yangu hawakuinunua. Nilipokea kanga ya huyu, nikampa kura yule."

Sikuwa na jibu siku ile, na hata sasa naona katika sehemu moja ana haki. Wanaokemea rushwa ya uchaguzi husema kama kwamba mpiga kura maskini ni mjinga aliyeuza utu wake kwa kilo moja ya sukari. Mama huyu hakuuza kitu. Kura ni siri, na siri hiyo aliitumia kwa akili. Ikiwa ubaya wa takrima ni kununua watu kama yeye tu, basi huenda ubaya wenyewe ni mdogo kuliko tunavyoupigia kelele.

Lakini katika mtaa ule ule yupo mtu mwingine ambaye hakupewa kanga wala hakugawa. Ni fundi seremala, mtu mwenye kauli, ambaye wazee humwita kila panapotokea ugomvi wa mpaka au wa maji. Kila uchaguzi watu humwambia agombee, na kila mara hutikisa kichwa akasema, "Nitawapa nini?" Hapo ndipo ilipo hasara. Bei ya kanga haikulipwa na aliyeipokea. Imelipwa na huyu ambaye jina lake halikupata kuandikwa katika karatasi ya kura, nasi tumeilipa pamoja naye kwa kuwa hatukupata nafasi ya kumchagua au kumkataa.

Na hili, kwa kadiri nionavyo, ndilo lililokuwa kiini cha shauri lililofikishwa Mahakama Kuu mwaka 2005 na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na jumuiya nyingine mbili za kisheria. Walalamikaji walidai kwamba sheria ya takrima yabagua kati ya mgombea tajiri na mgombea maskini, na kwa hiyo yapingana na Katiba ya mwaka 1977. Aprili 2006 majaji watatu, Kimaro, Massati na Mihayo, walikubaliana nao, wakakitangaza kifungu kile kuwa batili. Ibara ya 13 yasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ibara ya 21 yampa raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi yake. Hukumu ilikuja wakati uchaguzi wa Desemba 2005 umekwisha pita na pilau yake imekwisha liwa. Hata hivyo tofauti iliyopo hapa ni kubwa. Sheria ya jinai huuliza nani ametoa na nani amepokea, na Katiba huuliza nani amefungiwa nje. Polisi angeweza kumkamata mama wa maandazi. Fundi seremala angetetewa na Katiba peke yake.

Wamarekani wamefika mahali pale pale kwa njia ya kinyume. Januari 2010 Mahakama Kuu ya nchi yao, katika shauri la Citizens United, iliamua kwamba makampuni na vyama vya wafanyakazi visizuiwe kutumia fedha zao wenyewe kunena juu ya wagombea, maadamu hawashirikiani nao, kwa kuwa kufanya hivyo ni sehemu ya uhuru wa kusema. Kwetu Katiba iliiangusha sheria iliyoruhusu fedha. Kwao Katiba, kama ilivyosomwa na majaji, iliziangusha sheria zilizoizuia. Kwa hiyo raia wa jimbo la Massachusetts walipiga kura Novemba 2018, zaidi ya asilimia 70 wakakubali iundwe tume ya raia 15 wasiolipwa mshahara, kazi yake kuchunguza fedha za siasa na kupendekeza badiliko la Katiba. Njia iliyo mbele yao ni ndefu: theluthi mbili za kila baraza la Kongresi, kisha majimbo 38 kati ya 50. Badiliko hilo halijapatikana. Nimeona kwamba kila taifa huchukua neno lake zuri kuliko yote likaifunika fedha. Wao walichukua uhuru, sisi tulichukua ukarimu.

Mwaka 2010 Bunge letu lilitunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi, na Rais Kikwete akaitia sahihi mwezi Machi. Waziri huweka kiwango cha juu cha matumizi kwa kutazama ukubwa wa jimbo, idadi ya watu na hali ya mawasiliano. Mgombea hutakiwa kutaja fedha alizo nazo. Msajili wa Vyama vya Siasa husimamia. Ni sheria njema. Walakini kiwango cha juu humzuia tajiri asiruke mno, wala hakimpi fundi wangu ngazi. Tena sheria iliyotungwa na Bunge yaweza kulegezwa na Bunge, na mwaka 2000 tuliona.

Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Warioba ilipita nchi nzima kuanzia mwaka 2012 ikikusanya maoni. Rasimu yake ya Desemba 2013 iliandika miiko ya uongozi, na juu ya zawadi ikasema kwamba apewacho kiongozi wa umma ni cha Jamhuri. Naiheshimu rasimu hiyo, ila naona ilitazama zaidi mkono wa kiongozi unaopokea, na mimi natamani ibara ya kuutazama mkono wa mgombea unaotoa. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 juu ya Katiba Inayopendekezwa iliahirishwa na haikufanyika. Katiba ya mwaka 1977 ndiyo tuliyo nayo.

Kama ningeulizwa, ningeomba sentensi moja iongezwe katika ibara ya 21, ya kwamba haki ya kugombea isitegemee mali ya mtu, na ya kwamba Bunge lisitunge sheria ya kuhalalisha zawadi kwa wapiga kura kwa jina lolote lile. Nilimsomea fundi sentensi hiyo akiwa anapiga randa mlango. Akaniuliza ni nani watakaoipitisha. Nikamweleza ibara ya 98, kwamba Katiba hubadilishwa kwa kura za theluthi mbili za wabunge wote. Akapuliza vumbi la mbao juu ya ubao, akauliza kama wabunge hao ndio hao hao waliokwisha kugawa kanga, kisha akaniomba nimshikie upande wa pili wa mlango.