Ua Lisilonukia: Pareto katika Bustani ya Chepsaita

Sisi tuliolelewa mwambao tumezoea kulipima ua kwa harufu yake. Asumini husukwa kikuba, rehani huchanganywa nayo, mkilua hutiwa baina ya nguo, na ua lisilonukia hupitwa kama jani. Ndiyo maana nilipoolewa na kuhamia Chepsaita, karibu na Eldoret, ilinichukua miaka kulistahi ua la pareto. Halivaliwi wala halitiwi marashi. Thamani yake imo katika kile linachokizuia kisiingie nyumbani.

Pareto ni jamaa ya alizeti: petali nyeupe, kitovu cha manjano, na majani ya rangi ya kijivu yaliyochanikachanika. Asili yake ni Dalmatia, pwani ya Kroatia ya leo, katika vilima vya mawe ya chokaa ambako kiangazi ni kikavu. Kenya iliupokea mmea huu mwaka wa 1928. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili, masoko ya Magharibi yalikatika na Japani, iliyokuwa mkulima mkubwa wa pareto, na nyanda zetu za juu zikashika nafasi hiyo kwa miaka mingi. Tanzania nayo huilima katika nyanda za Mbeya na Iringa.

Hata ile dawa ya mbu tunayoiwasha jioni ilianza na ua hili. Bwana Eiichiro Ueyama wa Japani aliitengeneza mwaka wa 1890 kwa umbo la kijiti, lakini kijiti kiliungua upesi kabla usiku haujaingia. Inasimuliwa kuwa mkewe, Bi Yuki, ndiye aliyeshauri mwaka wa 1895 izungushwe kama nyoka aliyejikunja, ipate kuwaka kwa saa nyingi. Nyingi za siku hizi hutiwa kemikali zilizoigizwa kutoka kwa pareto, lakini umbo ni lile lile la Bi Yuki.

Hapa Chepsaita ardhi ni ya mahindi. Hulimwa hadi mlangoni. Mimi nilikuwa na kipande kidogo nyuma ya jiko, na kuku kumi na wawili. Mayai yao ndiyo yaliyolipa ada ya madrasa ya binti zangu na kununua madaftari, nami nikawa sihitaji kunyoosha mkono kwa kila shilingi. Mwaka mmoja mvua zilichelewa, na utitiri ukawavamia kuku. Wakakonda, wakaacha kutaga. Dawa kali za dukani niliziogopa, kwa kuwa mwanangu mdogo alikuwa akitambaa kila pembe ya ua.

Jirani yetu, bibi wa Kinandi ambaye sote twamwita Kogo, alikuwa na mstari mmoja wa pareto kwenye ua wake. Zamani alikuwa na shamba zima. Malipo ya maua yalipoanza kuchelewa, mwezi juu ya mwezi, aliling'oa akapanda mahindi kama wenzake. “Mwanangu,” aliniambia, “ua hili lilisomesha watoto wangu, kisha likaninyima chumvi. Lakini kuku wangu sijawahi kuwanyima.” Akanigawia machipukizi ya kujaza kapu.

Shemeji yangu hakupendezwa. Kile kipande, alisema, kingetoa debe mbili za mahindi katika mwaka wa njaa. Hoja yake ilikuwa na uzito, wala sikuwa na jibu la kumshinda. Aliyekata shauri ni mavyaa: “Debe mbili zitaliwa zikaisha. Mwacheni mwenzenu na kuku wake.” Tangu siku ile nilijua kwamba kipande kile ni changu.

Upandaji wake si mgumu. Shina kuu hugawanywa, kila chipukizi likiwa na mizizi yake, kisha hupandwa juu ya matuta, kiasi cha sentimita 30 baina ya mche na mche. Matuta ni muhimu, kwani pareto huvumilia ukame lakini haivumilii maji yaliyotuama. Baada ya kushika, yangu ilipita kiangazi cha Desemba hadi Machi kwa maji machache niliyoosha mboga. Maua yalipungua, lakini mizizi haikufa. Huchumwa yakiwa yamefunguka vizuri, huanikwa yakauke, kisha huhifadhiwa mahali penye giza, kwa sababu mwanga huiondoa nguvu dawa iliyomo. Unga wake niliunyunyiza katika viota na chini ya mbawa za kuku. Baada ya majuma machache walianza tena kutaga, alhamdulillahi.

Hata hivyo, dada zangu, ua hili ni sumu kwa wadudu na litunzwe kama sumu. Unga wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu na kuwasumbua wenye pumu. Fungeni pua na mdomo mkiusaga, na watoto wakae mbali. Usimwagwe kwenye maji yenye samaki, wala usinyunyizwe nyuki wanapozuru maua.

Mama yangu, aliyeko Mombasa, ameniagiza miche mara mbili. Nimemweleza kuwa pareto haitoi maua pasipo baridi ya kutosha; huko ingemea majani matupu. Kwa hiyo mimi humpelekea kifuko cha maua makavu kwa ajili ya banda lake la kuku, naye hunirudishia asumini iliyokaushwa, ambayo hapa baridi hunikatalia. Kila mmoja wetu hupata kisichomea kwake.