Barua kutoka Uingereza: Kabla ya kulipa ada ya shahada ya maabara

Kwa wazazi, walezi na vijana wa nyumbani,

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita na ya KCSE yanapotoka, simu za Watanzania na Wakenya wanaoishi Uingereza hupokea swali lile lile. Kijana amefaulu Kemia na Baiolojia, anataka kusomea maabara ya hospitali, chuo cha huku kimempa nafasi, na baba ameshaanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja. Je, akimaliza atapata kazi?

Jibu linategemea jambo ambalo vijana wengi hulijua wakiwa mwaka wa pili, ada ikiwa imeshalipwa. Shahada ya Biomedical Science pekee haimruhusu mtu kufanya kazi hospitalini kama mtaalamu kamili wa maabara. Cheo hicho kinalindwa kwa sheria, na anayekitumia bila kusajiliwa na baraza la HCPC anavunja sheria. Ili kusajiliwa zipo njia mbili kuu. Ya kwanza ni shahada iliyoidhinishwa na HCPC lenyewe, ambayo fildi ya hospitali imo ndani ya masomo. Ya pili ni shahada yenye ithibati ya IBMS, chama cha taaluma kilichoanzishwa mwaka 1912, kisha mwanafunzi akajaza jalada la ushahidi akiwa ndani ya maabara iliyokubaliwa kufundisha. Kila ukurasa wa jalada hilo unaonyesha kazi aliyoifanya kwa mikono yake na kukaguliwa. Mkaguzi kutoka nje akiridhika, hutolewa cheti cha umahiri, na hapo ndipo jina linapelekwa HCPC.

Ugumu uko kwenye fildi. Hospitali zinazofundisha hazina nafasi za kuwatosha wanaozitaka, na wanafunzi wa darasa zima huwania nafasi za kuhesabika. Anayekosa huhitimu na shahada nzuri, jalada likiwa tupu. Wengine huanza upya kama wasaidizi wa maabara, wakipokea na kupanga sampuli, wakingoja mkuu wao awape nafasi ya kujaza jalada. Mwenye shahada isiyo na ithibati yuko mbali zaidi, maana IBMS huipima shahada yake na kumwagiza asome masomo ya nyongeza kwa gharama yake.

Kwa hiyo mzazi anayezungumza na wakala wa vyuo aanze na maswali haya: je, shahada hii imeidhinishwa na HCPC, au ina ithibati ya IBMS? Nani anatafuta nafasi ya fildi, chuo au mwanafunzi? Je, mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kuomba nafasi hizo? HCPC na IBMS huziweka wazi orodha za shahada wanazozitambua, na kuzipitia hakugharimu senti.

Masomo yenyewe yana utamu ambao hauonekani kutoka dirishani tunakopokelea majibu. Kwa miaka 3 ya England, au 4 ya Scotland, mwanafunzi hupita kwenye biokemia, hematolojia, mikrobiolojia, kinga ya mwili, uchunguzi wa vinyama vya mwili na benki ya damu. Anajifunza mapema kwamba hata rangi ya kifuniko cha chupa ina maana yake. Chupa ya zambarau ina dawa ya EDTA inayozuia damu kuganda, na dawa hiyo imetengenezwa kwa chumvi ya potasiamu. Mtu akimimina damu kutoka chupa hiyo kwenda ya biokemia, mashine itatoa potasiamu ya kutisha, ya mtu ambaye moyo wake ungekuwa unasimama, huku kalsiamu ikiwa imeshuka mno. Mgonjwa yuko kitandani anakunywa chai. Mtaalamu mzuri huyaona majibu hayo mawili kwa pamoja, anashuku chupa, na anaomba damu nyingine kabla daktari hajaanza kutibu ugonjwa ambao haupo.

Benki ya damu ni kali kuliko idara zote. Tangu mwaka 1996 Uingereza ina mpango wa kitaifa uitwao SHOT unaokusanya taarifa za madhara na makosa ya kuongezewa damu, na miongoni mwa makosa hayo ni damu ya mgonjwa mmoja kutiwa kwenye chupa yenye jina la mwingine. Ndiyo maana sampuli ya kulinganisha damu ikikosewa herufi moja ya jina hukataliwa, hata daktari akipiga simu kwa sauti ya juu. Kwa watu wetu, ambao Mwanahamisi wa pasipoti huwa Mwanahamis kwenye kadi ya kliniki, hili ni jambo la kulitilia maanani siku wanapojiandikisha hospitali.

Kisha hufika mihula ambayo mwanafunzi wa Kiafrika hujikuta anasoma habari za damu yake. Mwaka 1910, huko Chicago, daktari James Herrick alichapisha maelezo ya chembe nyekundu zilizopinda kama mundu. Mgonjwa alikuwa Walter Clement Noel, kijana wa Grenada aliyekwenda Marekani kusomea udaktari wa meno, na daktari mwanagenzi Ernest Irons ndiye aliyeitazama damu hiyo kwanza kwenye hadubini. Noel alimaliza masomo, akarudi kwao kutibu meno, akafariki mwaka 1916 akiwa na miaka 32. Mwandishi wa barua hii hawezi kuipita habari hiyo haraka. Ugonjwa huo wa selimundu, unaosumbua maelfu ya familia za Mwanza, Kisumu na Kampala, uliingia kwenye vitabu vya tiba kupitia kijana aliyekuwa masomoni ughaibuni. Leo kila mtoto anayezaliwa England hupimwa selimundu kwa damu ya kisigino akiwa na siku chache tu, na mjini Dar es Salaam Profesa Julie Makani wa chuo kikuu cha MUHAS amejenga jina la kimataifa kwa utafiti wa ugonjwa huo.

Wagonjwa wa selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara huhitaji damu inayofanana na yao kwa mambo mengi kuliko A, B na O. Aina ndogo ya Rhesus iitwayo Ro inapatikana kwa zaidi ya nusu ya wachangiaji Weusi wa Uingereza, na kwa wengine ni asilimia chache tu. Huduma ya damu huwaomba Waafrika na Wakaribea wajitokeze kwa sababu hiyo.

Halafu kuna Duffy, alama iliyo juu ya chembe nyekundu za watu wengi duniani, na ambayo Waafrika wengi hawana. Kimelea cha malaria aina ya vivax huitumia kuingilia ndani ya chembe, ndiyo maana kwetu kimekuwa adimu. Wasio na Duffy pia huwa na chembe nyeupe chache za aina ya nyutrofili katika kipimo cha damu, nao ni wazima kabisa. Lakini viwango vya kawaida vilivyopangwa kwa damu za Wazungu huwaonyesha kama wana upungufu, na wapo walioahirishiwa dawa kwa ajili hiyo. Mwanafunzi anayelijua hili anaweza kusema neno la maana siku majibu ya mwenzake yatakapopigwa alama nyekundu.

Wenye stashahada kutoka nyumbani huja na mtaji mwingine. Katika hospitali ndogo za mikoani huku, slaidi yenye malaria ni tukio, wakati mtu aliyefanya kazi kituo cha afya cha Geita amezitazama hadi macho yamezoea. Ujuzi huo unahitajika: mwaka 2023 England, Wales na Ireland ya Kaskazini zilithibitisha wagonjwa 2,004 wa malaria waliotoka safarini, kutoka 1,369 mwaka uliotangulia, na wengi wao huwa wamekwenda kusalimia ndugu Afrika. Lakini yapo ya kujifunza upya. Nyumbani wadudu huhesabiwa dhidi ya chembe nyeupe kwenye tone nene. Huku huandikwa asilimia ya chembe nyekundu zilizoambukizwa, na ikipita 2 mgonjwa huhesabiwa kuwa kwenye hatari kubwa zaidi.

Kuhusu maisha, viza ya shahada huruhusu kazi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Wengi huzitumia kutunza wazee. Kama zipo saa za usaidizi wa maabara, hata za usiku, ni bora kuzichukua hizo, kwa sababu wakuu wanaogawa nafasi za fildi huwajua waliokwisha kuwaona kazini.

Na ushauri wa wazi kwa familia ambayo bado haijauza kiwanja: MUHAS ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi, CUHAS ya Mwanza na JKUAT ya Kenya zote zinafundisha shahada ya maabara. Kijana anaweza kusoma huko, akasajiliwa na baraza la nchi yake, akafanya kazi, kisha akaja huku kwa shahada ya uzamili au akaomba HCPC impime kama mtaalamu aliyefunzwa nje. Maombi hayo hudai maelezo ya kina ya masomo na kazi aliyofanya, kwa hiyo aombe nakala ya mtaala wake mwaka anaohitimu, iwe na mhuri wa chuo, kabla mtaala haujabadilishwa na waliomfundisha hawajahama.