Mstari Ninaouacha Wazi

Mteja anayetaka injini yake ifumuliwe na kusukwa upya huwa namwandikia orodha ya spea: ringi za pistoni, seti ya gasketi, sili za oili, filta, mkanda wa taimingi. Zamani niliandika zote kwa mara moja, naye akaenda kwenye maduka ya Gerezani asubuhi na kurudi mchana na mfuko mzito. Tangu mwaka 2003 kuna mstari mmoja ninaouacha wazi.

Mwaka huo nilikuwa na gereji yangu Ilala, chini ya mwembe, pamoja na vijana wawili. Dereva mmoja wa teksi aliniletea Corolla AE101 iliyonoki. Oili ilikuwa imevuja akiwa safarini, akaendesha mpaka injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga hodi kwa nyundo. Ilikuwa 4A-FE, injini ninayoipenda mpaka leo. Nikaifungua, nikakuta konrodi ya namba 3 imekula beringi yake mpaka chuma kinasuguana na chuma. Kranki ikaenda kusagwa. Ilirudi inang'aa, imefungwa kikaratasi kilichoandikwa 0.25, yaani shingo zake, pale zinapokaa beringi, zimepunguzwa robo milimita. Nikanunua beringi za 0.25, nikafunga injini, nikamkabidhi gari.

Asiyefanya kazi hii akisikia beringi hufikiria gololi zinazozunguka. Za kranki hazina gololi. Ni vipande viwili vyembamba vilivyopinda, kila kimoja nusu duara, mgongo wa chuma na uso wa madini laini. Kranki haitakiwi kuzigusa injini inapokwenda. Inaelea juu ya oili inayosukumwa na pampu. Katika 4A-FE, uwazi unaotakiwa kati ya shingo ya konrodi na beringi yake ni milimita 0.020 hadi 0.051. Ukipita 0.08, kazi imeharibika. Tunazungumzia kitu chembamba kuliko unywele. Uwazi ukizidi, oili inakimbilia pembeni na presha inaanguka. Ukipungua mno, oili haipati njia na beringi inaungua.

Wiki tatu baadaye yule dereva alikuja kwa miguu. Akanisalimia vizuri, akakaa kwenye tairi kuukuu, kisha akasema: "Fundi, taa ya oili inakonyeza nikisimama kwenye foleni. Na leo imeanza tena kugonga."

Tulipoifungua, uso wa kijivu wa beringi ulikuwa umekwisha na rangi ya shaba imejitokeza. Ndipo nikavuta droo na kutoa maikromita niliyopewa na mzee aliyenifundisha kazi, ya milimita 25 hadi 50, iliyofungwa kwenye kitambaa chenye grisi. Maikromita hiyo moja inatosha kupima shingo zote za kranki ile: za konrodi zina milimita 40, zile kuu zina 48. Ilikuwa mita tatu kutoka nilipokuwa nimefungia injini. Shingo ya namba 4 haikuwa na mkwaruzo hata mmoja, na ilitakiwa isome karibu 39.75. Ilisoma 39.69. Kranki ilikuwa imesagwa kupita kiasi tangu siku ile iliyorudi inang'aa.

Aliyesaga alikosea, lakini injini niliifunga mimi, na mzee wangu alinifundisha kupima kabla ya kununua. Niliamini karatasi. Yule dereva alikuwa na watoto shuleni na gari lenyewe lilikuwa la mtu, anapeleka hesabu kila jioni. Wiki ile hakupeleka kitu.

Mmoja wa vijana wangu alipendekeza tufanye kama alivyoona kwingine: kuweka karatasi ya sigara nyuma ya beringi ili ibane. Wengine hupiga msasa kofia ya konrodi. Nilimkatalia kwa ukali, pengine kupita kiasi, kwa sababu mgongo wa beringi lazima ulale barabara kwenye chuma ili joto lipite, na tundu likishapoteza uduara wake hakuna beringi itakayokaa humo. Kranki ikaenda kwa msagaji mwingine, tukaishusha hadi 0.50, na safari hii nikasimama pale pale na maikromita yangu. Kila shingo niliipima mara nne, mwanzo na mwisho wake, wima na mlalo, kwa sababu shingo inaweza kuwa yai ukidhani ni duara.

Dukani niliomba kufungua boksi. Muuzaji alinuna kidogo. Nilitaka kuona mgongo wa kila kipande, kwa kuwa saizi imegongwa pale, na nimewahi kukuta boksi linasema hivi na chuma kinasema vile. Kisha nikalaza uzi wa plastiki juu ya kila shingo, nikafunga kofia kwa spana ya toki bila kuzungusha kranki, nikafungua na kulinganisha upana wa uzi uliobondeka na kipimo chake. Zote zilikaa karibu na 0.038. Gharama ya kusaga na beringi nililipa mimi.

Kranki isiyohitaji kusagwa nayo ina hesabu yake. Toyota waligonga namba kwenye bloku na kwenye kranki: kwa shingo kuu za injini hii, bloku ikiwa 2 na kranki 1, unatafuta beringi namba 3. Shingo moja inaweza kutaka 3 na jirani yake 4. Anayeomba "standadi" tu dukani anabahatisha.

Wateja wengi hukasirika wanapoona ule mstari mtupu wa beringi. Mama mmoja mwenye Hiace aliniambia juzi, "Fundi, mbona unanipandisha magari mara mbili? Niandikie zote nimalize."

"Mama, kranki bado iko kwa msagaji," nikamjibu. "Ikirudi nitaipima, nitakupigia simu nikutajie saizi."

Aliikunja orodha, akaitia kwenye pochi, akaenda kununua gasketi.