Kifua Kimepona, Nafsi Ingali Njiani: Siku Zangu Kitale na Bungoma



Mtu wa pwani afikapo Kitale hupokewa na baridi kabla hajapokewa na wenyeji. Mji huu umekaa katika kimo cha mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, Mlima Elgon ukiwa magharibi yake na vilima vya Cherangani mashariki. Pande zote ni mahindi. Mwezi wa Agosti mahindi hayo huwa yamempita mtu kimo, na mvua ya alasiri huyaacha yakimetameta. Reli ilifika hapa mwaka 1926 kwa ajili ya mashamba ya walowezi, na tangu mwaka 1956 ndipo yalipo makao ya Kampuni ya Mbegu ya Kenya, ambayo mbegu zake hupandwa hata katika mashamba ya kwetu Kwale na Kilifi.

Nilifika Agosti 2024, miezi minne baada ya kupasuliwa kifua mjini Nairobi na kubadilishiwa mlango mmoja wa moyo. Daktari alikuwa ameniruhusu kusafiri. Binti yangu ameolewa Kitale, na mama watoto aliona kwamba mabadiliko ya hewa yatanifaa. Tulikwenda kwa treni hadi Nairobi, tukalala Nakuru, kisha tukaendelea kwa gari kupitia Eldoret. Kila baada ya saa mbili nilishuka nikatembea kidogo, ili damu isitulie miguuni.

Kwa faida ya wasiojua, moyo una milango minne, ambayo madaktari huiita valvu. Kazi yake ni kuiruhusu damu ipite kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Tabibu wetu Ibn al-Nafis, aliyefariki Kairo mwaka 1288, ndiye aliyeandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, kisha ikarejea upande wa kushoto. Mlango wangu uliokuwa umeharibika ni ule ulio baina ya chumba cha juu na cha chini cha upande huo wa kushoto. Waliutoa, wakaweka ulioundwa kiwandani, ambao watu huuita wa chuma. Mlango wa namna hii hudumu miaka mingi, ila una masharti mawili. Mwenye nao hunywa dawa ya kuzuia damu isigande, iitwayo warfarini, kila siku ya maisha yake. Na kila unapojifunga hutoa mlio mdogo kama wa saa ya mkono.

Mlio huo ndio uliokuwa mtihani wangu Kitale. Nyumbani pwani sikuwa nikiusikia sana, kwa kuwa usiku feni huzunguka, majirani hubaraza hadi usiku mkubwa, na upepo wa bahari hauna kimya. Kitale hakuna haja ya feni. Saa mbili usiku milango hufungwa, watu hujifunika mablanketi, na ukimya hushuka juu ya nyumba. Nikilala ubavu wa kushoto, niliusikia moyo wangu katika mto: tik, tik, tik. Nikaanza kuuhesabu. Ukienda mbio kidogo, niliogopa. Ukipunguza mwendo, niliogopa zaidi. Nilijiuliza: je, kama mlio unaofuata hautakuja?

Laiti ingekuwa hofu peke yake. Asubuhi moja binti yangu aliniwekea chai na mahamri aliyoyapika kwa kunikumbusha nyumbani, nami nikalia. Sikuwa na sababu ya kulia. Siku ya pili yake niliamka na furaha isiyo kifani, nikataka kwenda sokoni kwa miguu na kubeba kikapu, hata mke wangu akaninyang'anya kikapu mlangoni. Jioni ya siku hiyo hiyo nilimkemea mjukuu wa miaka mitano kwa kudondosha kijiko. Nafsi ilikuwa ikipanda na kushuka kama jahazi katika kusi.

Kulikuwa na huzuni nyingine ambayo nadhani wenye dhamana za msikitini wataifahamu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikisimama mbele ya watu. Sasa pumzi haikutosha khutba, na kwa wiki nyingi nilisali juu ya kiti, kwani mfupa wa kifua uliokatwa na kufungwa kwa waya hautaki mtu aegemee mikono. Fiqhi imeturahisishia jambo hili wazi, nami nimelifundisha mara nyingi. Lakini kulifundisha ni jambo moja, na kukaa juu ya kiti safu ya nyuma, ukitazama migongo ya wanafunzi wako wakisujudu, ni jambo lingine.

Daktari alikuwa amenitahadharisha kabla sijatoka wodini. Alisema kwamba watu wengi waliopasuliwa moyo hupitia majonzi, machozi ya ghafla, hasira za upesi na ndoto mbaya. Dawa za usingizi, maumivu, kukosa kulala, na kule kuyakaribia mauti huchangia hali hiyo. Aghalabu hupungua wiki kwa wiki, na baada ya miezi michache huondoka. Isipoondoka, au mtu akianza kuona heri afe, basi huo ni ugonjwa unaohitaji tabibu kama vile kidonda kinavyomhitaji. Maneno haya niliyasikia kwa masikio. Yalipata maana nilipofika Kitale.

Kilichonisaidia kwanza ni miguu. Niliamriwa kutembea kila siku, nikapata pa kutembea katika Makumbusho ya Kitale. Makumbusho haya yametokana na mkusanyiko wa mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyeanza kuonyesha vitu vyake mwaka 1926. Yalipofunguliwa kwa umma mwaka 1974 yalikuwa ya kwanza ya taifa kujengwa bara, nje ya Nairobi na pwani. Nyuma ya jengo kuna kipande cha msitu wa asili chenye njia ya kupita chini ya miti mikubwa. Siku ya kwanza nilitembea dakika kumi, nikakaa. Mtu wa pwani hukosa pumzi katika kimo kile hata akiwa mzima. Siku ya nane nilimaliza dakika thelathini. Nyani walikuwa wakipiga kelele juu ya miti, na mlio wa kifua changu haukusikika kabisa.

La pili lilikuwa sahani. Warfarini hupingana na vitamini K iliyomo katika mboga za majani, na Kitale ni nchi ya mboga za majani: sukuma wiki, kunde, mrenda, saga na managu. Binti yangu alikuwa ameacha kuzipika kwa hofu, na mimi nikaanza kukitazama chakula kama adui. Nilipompigia simu, mfamasia alitutuliza. Mboga hazikukatazwa. Linalotakiwa ni kiasi kinachofanana kila juma, kisizidi leo na kutoweka kesho, na kipimo cha damu kiitwacho INR kifanywe kwa wakati. Kwa mtu asiyetumia dawa kipimo hicho huwa 1 hivi, na kwangu mimi hutakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Jioni ile tulikula ugali na kunde kwa amani.

Baada ya siku kumi tulishuka Bungoma. Njia hupita Kiminini na Kamukuywa, kisha hutokea Webuye, penye mto Nzoia na kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walijihami ndani ya boma lao mwaka 1895 wakipigana na majeshi ya Waingereza. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilicholisha mji mzima, kilifungwa mwaka 2009, na aliyeuona mji huo zamani hupita kwa masikitiko. Mbele yake ni mashamba ya miwa ya Nzoia, kisha Bungoma yenyewe, chini ya Kitale kwa takriban mita 500. Pumzi yangu iliitambua tofauti hiyo kabla ya macho.

Nchi hii si ngeni kwa watu wetu. Kusini yake, mwendo mfupi tu, iko Mumias, alipotawala Nabongo Mumia. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilipiga kambi huko katika karne ya kumi na tisa. Ilifuata pembe za ndovu, na biashara ya watumwa pia, jambo ambalo hatuna budi kulitaja. Kupitia Mumias, Uislamu ulienea magharibi ya Kenya. Wabukusu nao husalimiana kwa neno "mulembe", maana yake amani, nami nilijikuta nikiitikia salamu hiyo kama niitikiavyo ya kwetu.

Nilikwenda Bungoma kumtazama kijana mmoja tuliyelazwa naye wodi moja Nairobi. Ana umri wa miaka ishirini na sita, na kazi yake ilikuwa bodaboda. Ugonjwa wake, kama wangu, ulianzia utotoni kwa maumivu ya koo yasiyotibiwa vilivyo. Vijidudu vya koo huleta homa iitwayo rumatiki, na homa hiyo, hasa ikimrudia mtoto, hula milango ya moyo polepole kwa miaka. Ndiyo maana nawasihi wazazi: mtoto mwenye koo linalouma na homa apelekwe kituo cha afya. Penisilini ya bei nafuu huweza kumwepusha na kisu cha Nairobi.

Mama yake alitupokea kwa heshima kubwa, akachinjisha kuku. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa nje chini ya mwembe, amekonda. Ulikuwa mwaka wa jando. Wabukusu hutahiri vijana wao Agosti ya kila mwaka wa pili, na barabarani vijana walipita wakikimbia na kupiga njuga, wakiwaalika jamaa zao. Alfajiri ya siku yenyewe kijana hupakwa tope mtoni, kisha husimama uani kwa baba yake akatwe bila kupepesa jicho.

Akasema, "Sheikh, mimi nilisimama na tope langu, sikutikisika. Wazee walinisifu. Sasa usiku nasikia hii kitu kifuani na ninalia kama mtoto. Nitamwambia nani?"

Nikamwambia, "Mwanangu, niambie mimi, kwa kuwa nami nalia."

Alinitazama kwa muda. Kisha akanieleza lililokuwa chini ya hayo. Madaktari walimkataza bodaboda, kwani mwenye kutumia warfarini akianguka huweza kuvuja damu asinusurike. Kazi imekwenda, na mchumba amerudi kwao. Kwa wiki sita hakwenda kupima damu, na vidonge alivinywa siku alizokumbuka. "Niende nisiende," alisema, "itasimama siku yake." Mama yake, aliyekuwa mlangoni na sinia mkononi, alilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza.

Hapo nilielewa kwamba huzuni hii haikai nafsini peke yake. Humshika mtu mkono asikifikie kidonge, na mlango wa chuma usiopata dawa yake hugandiwa na damu. Sikumpa mawaidha. Tulizungumza na mjomba wake, mwenye duka la vipuri vya pikipiki, na siku ya pili yake wawili hao walikwenda Eldoret, mwendo wa takriban kilomita 100. Katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi kuna kliniki ya wanaotumia dawa hii, iliyoanzishwa mwaka 2008 na kuendeshwa na wafamasia. Matokeo yake yalipochunguzwa yalionekana kukaribiana na ya nchi tajiri. Kipimo chake kilikuwa 1.4. Walimwongezea dawa, wakamwambia arudi baada ya juma moja. Mjomba amemweka dukani, auze vipuri akiwa amekaa. Anasema duka halina raha ya barabara, nami namwamini. Hunipigia simu kila Jumapili, na swali la kwanza tunaloulizana ni kipimo.

Ndugu msomaji, katika Kiarabu moyo huitwa qalb, na asili ya neno hilo ni kugeuka na kupinduka. Sisi tulifundishwa hivyo tukiwa watoto juu ya jamvi la chuo. Basi mwenye moyo uliopasuliwa asishangae ukigeuka, wala jamaa zake wasimwambie kuwa imani yake imepungua. Nabii Yaqub, amani iwe juu yake, alilia kwa ajili ya mwanawe hata macho yake yakaingia weupe, wala hakuna aliyeitia ila imani yake.

Kwa walio katika njia hii, nayasema machache. Wekeni saa moja ya kunywa dawa, nanyi muifungamanishe na sala isiyowapita. Tembeeni kila siku, hata kama ni hadi kwa jirani na kurudi. Msinywe dawa nyingine yoyote, ya duka au ya mitishamba, kabla ya kumuuliza mfamasia. Mkilia wiki mbili mfululizo, au usingizi na chakula vikiwakataa, mwambieni daktari bila haya. Na kila mmoja wenu amtafute mwenziwe aliyepitia kisu hicho, azungumze naye.

Na nyinyi mnaowauguza, jueni kwamba kovu likifunga kazi haijakwisha. Mgonjwa akiwakemea kwa kijiko kilichoanguka, huenda hakemei kijiko.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, awarehemu waliotutangulia, na awalipe kheri wanaowatazama. Amin.

Wabillahi tawfiq.