Kifuniko kisicho na siri

Haya, leo tuzungumze habari ya kifuniko. Si cha sufuria, ni kile kilicho ubavuni mwa gari la umeme aina ya Tesla, nyuma kushoto karibu na taa. Ukikifungua unakuta tundu la kuchomeka waya wa chaji.

Kifuniko hiki hakina pa kushika ukavuta. Unakifungua kwa kugusa skrini iliyo ndani ya gari, au kwa programu ya simu, au kwa kukibonyeza gari likiwa halijafungwa. Lakini njia tamu kuliko zote ni waya wenyewe. Waya wa chaji wa Tesla una kitufe kwenye mpini. Unausogeza karibu na gari, unabonyeza, na kifuniko kinajifungua chenyewe kama mlango wa duka kubwa. Siri yake ni redio ndogo iliyofichwa ndani ya mpini. Kwa magari ya Marekani inatuma ishara kwa masafa ya megahezi 315, na kwa ya Ulaya megahezi 433.92.

Sasa sikia kero. Ulaya, nguzo nyingi za kuchajia mitaani hazina waya, kwa hiyo dereva anabeba wake kwenye buti. Akinunua waya wa kawaida, mara nyingi hauna kile kitufe. Mvua inanyesha, mkono mmoja una waya, mwingine una mfuko wa sokoni, na simu iko mfukoni imejifunga. Ni kero ndogo, lakini ya kila siku.

Basi bwana, baadhi ya wenye magari hawakukaa kusubiri kampuni iwahurumie. Walifanya ambacho fundi yeyote wa simu pale Kariakoo angefanya: walisikiliza. Tangu mwaka 2012 ilijulikana kwamba kile kidude cha bei poa cha kuchomeka kwenye kompyuta ili uangalie televisheni kinaweza kunasa masafa mengine mengi ya redio. Ukiwa nacho, unabonyeza kitufe cha waya halisi, unarekodi ishara, kisha unaitazama kwenye kompyuta, kirefu kifupi, kirefu kifupi, mpaka unaisoma yote.

Walichokikuta kiliwashangaza wengi. Ishara ni ileile kila unapobonyeza. Na ni ileile kwa kila gari!

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Unachukua kibao kidogo cha Arduino au ndugu zake, kisambaza mawimbi cha bei ya chakula cha mchana, kitufe na betri ndogo. Unaviweka ndani ya kiboksi cha plastiki na kukifunga kwenye mpini wa waya wako. Watu wamegawana michoro na programu zake bure, hadharani, bila kificho.

Hapo ndipo wenzangu wa habari walipopata ulaji. Kuna kifaa kinaitwa Flipper Zero, kilichochangiwa fedha na umma kupitia Kickstarter mwaka 2020, nacho kinaweza kurekodi na kurudia ishara za aina hii. Kufikia mwaka 2022 video zilikuwa zimeenea, kijana anapita kwenye maegesho, anabonyeza, kifuniko cha gari la mtu kinafunguka. Kichwa cha habari kinajiandika chenyewe: "Wadukuzi wafungua magari ya Tesla".

Nafanya kazi kwenye chumba cha habari, najua utamu wa kichwa kama hicho. Lakini neno moja hapo ni la uongo. Hawakufungua gari. Wamefungua kifuniko. Milango imefungwa, gari haliwaki, na umeme hauwezi kunyonywa kwa mpira kama wanavyonyonya petroli kwenye malori. Kilichobaki ni utani wa kukera, na kwenye magari ambayo kifuniko chake kina mota, kisipochomekwa kitu baada ya muda kinajifunga tena.

Kwa maoni yangu, basi, waliotengeneza gari hawakufanya uzembe hapo. Walitaka waya wowote wa Tesla ufungue Tesla yoyote, kwa mwenyeji na kwa mgeni, bila kwanza kutambulishana. Kwa kazi hiyo ishara moja ya wote inatosha. Kufuli liko kwingine, kwenye milango na kwenye ruhusa ya kuwasha gari.

Swali la kujiuliza juu ya mlango wowote si "Je, unaweza kufunguliwa?" Kila mlango unaweza. Swali ni "Nyuma yake kuna nini?"

Na swali hilo tulilete nyumbani, maana hapa kwetu lina uzito zaidi. Fikiria rimoti ya geti. Kuna mageti mengi ambayo rimoti yake hutuma namba ileile kila siku, mwaka nenda mwaka rudi. Ndiyo maana ukipoteza moja unakwenda kwa fundi, anaweka iliyobaki karibu na rimoti tupu, dakika mbili una kopi. Tunafurahia urahisi huo bila kujiuliza nani mwingine anaweza kukopi. Mwaka 2015 Mmarekani Samy Kamkar alionyesha kwamba milango ya gereji ya namba isiyobadilika inaweza kufunguliwa kwa chini ya sekunde 10, tena kwa kutumia kidude cha watoto cha kuchezea alichokifanyia ufundi. Dawa yake ipo siku nyingi: rimoti ambazo namba hubadilika kila unapobonyeza, kama za funguo za magari mengi ya kisasa. Hata hizo si kinga kamili, lakini huwezi kuzirekodi leo ukazirudia kesho kirahisi.

Kinyume chake ni kukamata kifaa badala ya kurekebisha mlango. Februari 2024 serikali ya Kanada, ikisumbuliwa na wizi wa magari, ilitangaza kwamba itapiga marufuku vifaa kama Flipper Zero. Wataalamu wakapiga kelele kwamba wezi wa magari ya kisasa hutumia mbinu nyingine, kama kuivuta mbali ishara ya funguo uliyoiacha sebuleni hadi kwenye gari lililo nje. Mwezi uliofuata serikali ikalegeza kamba, ikasema wenye shughuli halali hawalengwi.

Mimi nasimama na wale wenye viboksi vya plastiki. Gari ni lao, waya ni wao, kero ni yao, na wameitatua kwa fedha kidogo bila kumuumiza mtu. Zaidi ya hapo, kwa kuweka kazi yao wazi wametufundisha bure jinsi ishara isiyobadilika inavyosomeka. Wangewapiga marufuku wao, mwizi angeendelea kujua, na mwenye geti angeendelea kulala usingizi wa pono.

Kwa hiyo, kama una geti la rimoti, muulize aliyekufungia: namba inabadilika au haibadiliki? Akianza kukuna kichwa, umeshapata jibu.