Kitabu cha Ziada

Msomaji, huenda una nia ya kusoma sheria siku moja, au huenda hujapata kuiwazia kabisa. Kwa vyovyote vile, nitakusimulia kosa nililolifanya kwa fedha za mama yangu, maana lilinifunza kuchagua kitabu kuliko yote niliyofunzwa katika chuo cha ualimu.

Mdogo wangu wa kike aliingia mwaka wa kwanza wa masomo ya sheria mwaka 2017. Somo lililomsumbua kuliko mengine lilikuwa sheria ya madhara. Hii ndiyo sheria ihusuyo ubaya ambao mtu humtendea mwenziwe hata kama hapakuwa na mkataba baina yao, akawajibika kumlipa fidia: dereva amgongaye mpita njia kwa uzembe, gazeti limkashifulo mtu, jirani ambaye moshi wa tanuri lake hauishi kuingia nyumbani kwako. Sehemu yake kubwa haimo katika kitabu kimoja cha sheria zilizotungwa na bunge. Imo katika hukumu za majaji, mpya juu ya kuukuu. Mdogo wangu alisoma kesi kumi asione kiunganishacho hata mbili kati yao. Akaniomba nimtafutie kitabu cha ziada cha kumfafanulia.

Mama aliuza mbuzi wawili, fedha akanikabidhi mimi. Kwa kuwa ni mwalimu, nilijiona mjuzi wa vitabu vyote. Nilikwenda Nairobi, kwa wauzao vitabu vilivyokwisha tumika. Nilikiona kitabu mashuhuri cha Winfield, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1937 na ambacho huchapishwa upya mpaka leo kwa jina la Winfield na Jolowicz. Kilikuwa kinene, na bei yake ilinitisha. Kando yake palikuwa na kitabu chembamba kutoka Marekani, chenye maswali na majibu, lugha yake nyepesi kama maji. Nilikinunua hicho, nikarudi nyumbani nikijisifu.

Sisemi kilikuwa kibaya. Mwanafunzi wa Marekani angekishukuru. Lakini kule kila jimbo lina sheria yake ya madhara, na aghalabu raia wa kawaida walioteuliwa kuketi mahakamani ndio wakatao fidia. Kwetu kazi hiyo ni ya jaji au hakimu. Isitoshe, mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya California ilihukumu kwamba mwenye kutengeneza kitu kibovu huwajibika kwa aliyeumizwa nacho hata pasipo kuthibitishwa uzembe, na majimbo mengi yakaifuata. Mizizi ya sheria yetu imo Uingereza: sheria ya Kenya ya mwaka 1967 ihusuyo mahakama yaziagiza kufuata sheria ya kimila ya Kiingereza, kadiri hali ya nchi na wenyeji wake iruhusuvyo.

Mtihani ukaja. Swali lilihusu mwanamke aliyeugua kwa kinywaji, nalo liliuliza juu ya uzembe na wajibu wa uangalifu. Yeyote aliyesoma sheria yetu angeikumbuka kesi ya Bibi Donoghue. Mwaka 1928, katika mkahawa wa mji wa Paisley, Skotilandi, rafiki yake alimnunulia soda ya tangawizi katika chupa isiyoonyesha kilichomo. Alidai kwamba mlitoka konokono aliyeoza. Yeye hakuinunua, basi hakuwa na mkataba na mtu. Mwaka 1932 Baraza la Malodi liliamua, watatu kwa wawili, kwamba mwenye kiwanda aweza kuwa na wajibu wa uangalifu kwa mnywaji asiyemjua. Mdogo wangu aliandika sheria ya California, tena kwa ufasaha. Alianguka, ikambidi kuurudia mtihani. Hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko lawama.

Aprili 2018 tulikwenda pamoja. Safari hii hatukutazama jalada. Tuliichukua kesi moja ngumu, ya Rylands na Fletcher, tukaitafuta katika kila kitabu. Rylands alijengewa bwawa la kinu chake huko Lancashire. Maji yakapenya mashimo ya zamani yaliyokuwa chini, yakafurika mgodi wa Fletcher. Mwaka 1868 Rylands alipatikana na wajibu ijapokuwa yeye mwenyewe hakuzembea.

Kitabu cha kwanza kilitaja kanuni kwa mistari miwili tu, kama mtu akupaye matokeo ya mchezo asikuhadithie mchezo wenyewe. Cha pili kilieleza vizuri ajabu, ila kilichapishwa kabla ya hukumu ya kampuni ya maji ya Cambridge iliyomo katika taarifa za sheria za mwaka 1994, isemayo kwamba lazima madhara yawe ya namna iliyoweza kutazamiwa. Cha tatu kilitoka Australia, ambako mwaka huo huo mahakama yao ya juu kabisa iliimeza kanuni hiyo ndani ya sheria ya uzembe. Cha nne kilikuwa na kisa, sababu za majaji, na hoja za wanaowapinga. Bei yake ilikuwa maradufu. Nilikopa fedha zilizopungua. Na jambo ambalo ningalilijua mapema lingaliokoa mbuzi mmoja: hukumu za mahakama za Kenya husomwa bure katika mtandao wa Kenya Law.

Usiku wa tarehe 9 Mei mwaka huo bwawa lilipasuka huko Solai, Nakuru, watu zaidi ya 40 wakafa. Siku ya pili mdogo wangu alinipigia simu. Hakuamkia.

"Kaka," alisema, "nani aliyakusanya maji yale? Na kuyakusanya pale, juu ya watu, ni matumizi ya kawaida ya ardhi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwuliza kile kitabu chetu kinasemaje.

"Bado sijakifungua," alisema. "Naisoma hukumu yenyewe kwanza."